Kadi Nne na Kitanda cha Zuleikha

Siku Bwana Kheir Mkadam alipomwomba mwanawe idhini ya kuzitumia fedha za mahari yake, Zuleikha alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na hakusema kitu. Alikuna mpaka nazi ikaisha, akaendelea kukuna kifuu. Baba mtu alisubiri kidogo, kiasi cha kusubiri mtu mwenye haraka zake, kisha akamgeukia mkewe.

"Umeona? Kanyamaza."

"Nnaona kanyamaza," alisema Bi Mize. "Na wewe unakiona kifuu kinavyokwisha?"

"Mwanamwali akiulizwa akanyamaza, karidhia. Hilo si langu mimi, ni la dini."

"Ni la dini akiulizwa mume. Si akiulizwa milioni mbili na nusu."

Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka 2022, na arusi ilikuwa imepangwa mfunguo sita, mwezi wa Maulidi, siku arubaini na kitu mbele. Posa ilikwishapokewa na mahari ilikwishaletwa, noti za elfu kumi kumi ndani ya bahasha ya khaki. Ubwa, bwana arusi, mtoto wa Kitumbatu aliyepanga chumba mtaa wa Amani, alikuwa fundi bomba. Fedha ile aliikusanya miaka miwili kwa kuzibua vyoo vya hoteli za Bwejuu. Bwana Kheir alipoipokea aliishika kwa ncha za vidole, lakini aliihesabu mara tatu.

Kwa desturi yetu mahari haikai bahashani. Hutoka ikawa kitanda, kabati na meza ya kioo, vikachanganywa na masufuria na makawa, na siku ya kupeleka vyombo vikapakiwa garini, na majirani wa mitaa miwili wakatoa vichwa madirishani kuona bibi arusi kaondoka kwao na nini. Anayepelekwa bila ya kitanda husemwa mpaka na wajukuu wake. Haya Bwana Kheir aliyajua. Ila alikuwa na jambo kubwa zaidi.

Alikuwa karani wa ghala bandarini miaka ishirini na minane, akastaafu, na tangu nduguye aliyeko Maskati ampelekee simu kubwa alikuwa amekuwa msomi. Maishani mwake hakupata kuchimba hata shimo la mgomba, lakini tokea Ramadhani alikuwa akijiita mchimbaji.

"Kuna sarafu za mtandaoni," alieleza, huku kasimama mlangoni mwa jiko kwa sababu ndani mna moshi. "Hazikai mfukoni wala benki. Kubwa katika hizo inaitwa ithiriamu. Zinapatikana kwa kompyuta kupiga hesabu, na hesabu zenyewe zinapigwa na kadi za picha, zile wanazotia vijana ili gemu zao zipendeze. Ukiwa na kadi nne, umekaa. Wewe unalala, zenyewe zinachimba."

"Zinachimbia wapi?"

"Hapa hapa nyumbani."

"Na mchanga tutautia wapi?" aliuliza Bi Mize.

Bwana Kheir alivuta subira. Kabla ya siku ya vyombo, alisema, milioni mbili na nusu zitakuwa tano. Zuleikha atapata kitanda cha mvule chenye nakshi, si hivi vya mbao za kubandika.

"Kama ina kheri kiasi hicho, uza Vespa yako."

Akamtazama kama aliyeambiwa auze mguu. Vespa ile, rangi ya maziwa, aliifuta kila asubuhi kwa kitambaa ambacho mtu mwingine yeyote haruhusiwi kufutia. "Vespa inatembea, Mize. Fedha hii imelala tu ndani ya kabati."

"Imelala kwa sababu si yako."

"Mimi ndiye walii wake."

Zuleikha aliondoka juu ya mbuzi, akachukua sinia yake ya nazi, akaingia jikoni. Alikuwa mwalimu wa chekechea, na sauti yake watoto walikuwa wakiisogelea ndipo waisikie. Mtu wa sauti hiyo akinyamaza, wengi hudhani ndani hamna kitu.

Asubuhi yake bahasha ya khaki haikuwamo kabatini.

*

Duka la Fayaz lilikuwa Darajani. Babu yake aliuza vitambaa ndani ya duka hilo hilo, na mpaka leo mita ya mbao ya kupimia imetundikwa ukutani juu ya waya za kompyuta. Bwana Kheir alikwenda siku nne mfululizo kuchagua kadi, kila siku akakaa kwenye benchi lile lile, akaletewa maji yale yale.

Siku ya nne Fayaz alimpangia kadi juu ya kioo. Zilikuwa aina mbili. Moja kubwa, nyekundu, bei yake nafuu lakini inakula umeme vibaya. Nyingine nyeusi, fupi, bei imepanda kidogo lakini haina fujo.

Bwana Kheir aliinyanyua ile kubwa, akaipima kwa kiganja kama mtu anayechagua papai. "Hii nzito."

"Uzito huo wa bati, Bwana Kheir."

"Na hii ina feni mbili."

"Feni ya kuipoza tu. Usitazame feni. Tazama giga za kumbukumbu, kisha tazama wati za umeme. Giga unailipa mara moja, wati utailipa kila siku."

Bwana Kheir aliinusa. Alisoma mahali kuwa kadi iliyoungua hunuka. Hii ilinuka vumbi na karatasi. Akaigeuza ile nyeusi, akaona ubavuni ina kijitaa.

"Inawaka hii?"

"Inawaka. Inabadilisha rangi."

"Basi hizi."

"Taa haichimbi, mzee wangu," alisema Fayaz kwa upole, "ila bahati yako, kadi yenyewe nzuri. Wati chache. Lakini nikwambie kitu. Hizi zimetoka Dubai, zimetumika. Waliokuwa nazo walikuwa wachimbaji kama wewe."

Swali la kuuliza hapo lilikuwa limekaa juu ya kioo baina yao, wazi kama zile kadi: kwa nini basi wameziuza? Bwana Kheir alilipita.

"Na jengine," aliendelea Fayaz. "Nnasikia mwezi ujao hiyo ithiriamu wanaibadilisha. Haitachimbwa tena kwa kadi. Mimi ningekuwa wewe ningengoja."

Bwana Kheir alitabasamu. Miaka ishirini na minane aliyokaa na wafanyabiashara ghalani ilimfundisha kuwa mwenye duka akiiponda bidhaa yake mwenyewe, yuko mnunuzi mwengine anayemuwekea. "Nyuma umeweka ngapi, Fayaz?"

"Sijaweka hata moja."

"Haya. Kadi moja bei gani?"

"Laki sita."

"Nne."

Nne ile aliitupa tu. Alitaka Fayaz aape kwa kaburi la babake, aseme unanitia hasara, apande tano na nusu, amfukuze, kisha amwite akiwa mlangoni, wakutane tano. Hata mguu alikuwa ameshaugeuza kuelekea mlangoni, tayari kwa kuitwa.

"Chukua," alisema Fayaz.

Mguu wa Bwana Kheir ulibaki hewani.

*

Alifika nyumbani Kiponda na maboksi manne kifuani na kifua chenyewe kimemtangulia. Bi Mize alikuwa chini mlangoni na karai lake la bajia, kama kila siku baada ya Alasiri.

"Mize, leo nimemkamua Fayaz. Kasema sita, nimesema nne. Nimechukua kwa nne!"

Bi Mize alikaa na kijiko hewani, mafuta yanadondoka. "Ulisema nne, akakupa nne?"

"Nne kamili."

"Palepale?"

"Palepale!"

"Hakusema hata 'wallahi sipati kitu'?"

"Hakusema."

"Wala hakukuacha ukafika mlangoni?"

"Nnakwambia hata mguu sijautua."

"Basi zirudishe," alisema Bi Mize.

Bwana Kheir alicheka, akawatazama wateja wawili waliokuwa wakingojea bajia ili nao wacheke. Hawakucheka.

"Kheir, nisikilize. Bajia zangu mimi nnauza mia moja. Mtu akija saa hizi akanambia hamsini, nnamwambia apite njia. Akija Magharibi imeingia, zimepoa, zimelala mafuta, akanambia hamsini, nnamwambia chukua. Sasa wewe jiulize kadi zako zimepoa tangu lini."

"Unafananisha kadi na bajia?"

"Nnafananisha wauzaji."

Bwana Kheir aliyapandisha maboksi yake juu. Siku zilizofuata alirudi kwa Fayaz kununua bodi ya kuzipachika kadi, kisha boksi la kugawa umeme, kisha kifaa cha kuzuia umeme usipande na kushuka. Fremu ya kuzitundika alimpa kazi seremala wa Mkunazini, yule yule aliyekuwa amekuja kupima chumba kwa ajili ya kitanda cha Zuleikha. Seremala alilitazama lile karatasi la vipimo, akaligeuza juu chini.

"Kitanda kimekuwa hiki?"

"Hii ni fremu ya mashine. Fanya kwa mvule."

"Mvule huu nlikuwa nimeuweka wa kitanda."

"Basi umepata kazi yake," alisema Bwana Kheir, na bahasha ya khaki ikabaki tupu.

*

Mashine ilitiwa chumbani kwa Zuleikha, kwa sababu ndicho chenye soketi nzuri, na Zuleikha akahamia ukumbini na mkeka wake. Bwana Kheir aliiunga kwa kutazama video, akisimamisha na kurudisha nyuma, siku tatu. Siku ya tatu kadi nne ziliwaka nyekundu, kijani, buluu, na chumba kikaanza kunguruma kama kinu cha kusaga unga.

Joto lake halikuwa la mchezo. Ukifungua mlango lilikupiga usoni. Chokaa ya ukuta wa mawe, iliyokuwa mbichi tangu enzi za wazee, ilikauka ikaanza kupukutika. Bi Mize, ambaye hakuwa mtu wa kuacha kitu kipotee bure, alikuwa akimsagia mwanawe singo ya kujisugua siku za uari, za kufungiwa ndani kabla ya arusi. Aliianika mbele ya mashine ndani ya ungo, na ikakauka siku moja badala ya tano. Kesho yake akatundika kamba.

"Usinitilie nguo mbichi mbele ya kadi!" alilalamika Bwana Kheir.

"Umeme nnaununua mimi. Wacha nipate japo shimizi kavu."

Hilo lilikuwa kweli. Umeme wa nyumba ile ulikuwa wa kununua kwa namba, na namba zilinunuliwa kwa fedha ya bajia. Zamani elfu kumi ilikaa wiki. Sasa ilikaa siku mbili na kitu, kisha mita inapiga kelele ukutani na Bwana Kheir anaita, "Mize! Mita inalia!" kwa sauti ile ile anayoitia mtu anapotaka chai.

Baada ya siku kumi aliwakusanya mke na mtoto ukumbini awasomee simuni. Mashine ilikuwa imechimba shilingi elfu sitini.

"Ziko wapi?" aliuliza Bi Mize.

"Zipo kule. Hazitoki mpaka zifike kiwango."

"Umeme wa siku kumi nimetoa elfu thelathini na tano. Hizo zimeshatoka."

"Hizo ni za matumizi ya nyumba," alisema Bwana Kheir.

Zuleikha aliinua macho, akapiga hesabu kimya kimya. Elfu mbili na mia tano kwa siku, kwa milioni mbili na nusu. Siku elfu moja. Watoto wake wa chekechea wangekuwa darasa la tatu.

*

Wiki hiyo alikuja Bi Mashavu, shangazi yake Ubwa. Alikuwa mama wa Tumbatu aliyezoea kuuza ukili na pweza mkavu kila pembe ya Unguja, na hakuwa na tabia ya kuzungumza chini chini.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, Bi Mashavu. Shikamoo."

"Marahaba, Mize. Nimekuja kuulizia siku ya vyombo, niwaambie wenzangu washone sare." Akasimama, akatega sikio. "Humo mnakoboa mpunga?"

Bwana Kheir alitoka chumbani, jasho limemlowesha. Alikuwa hajapata mgeni wa kumwonesha mashine hata mmoja, na uso ulimchangamka. "Njoo utazame, dada. Ni mashine ya kuchimba."

Bi Mashavu aliingia. Alizitazama taa, akaitazama kamba ya shimizi, akamtazama Bwana Kheir. "Inachimba nini? Kisima? Huku ghorofani?"

"Inachimba fedha."

"Fedha ya nani?"

Aliuliza tu, kwa kutaka kujua. Lakini Bi Mize alikohoa, na Zuleikha, aliyekuwa analeta sharubati, alisimama na trei mlangoni.

"Fedha ya mtandaoni," alisema Bwana Kheir. "Haina mwenyewe."

"Haa. Nzuri hiyo. Ubwa wetu yake ilikuwa na mwenyewe, kaifuata vyooni." Bi Mashavu akachukua glasi, akanywa nusu. "Na kitanda kimewekwa wapi? Nimetaka kukiona kwa jicho langu, maana mie nshawaambia watu ni mvule."

"Kiko kwa seremala. Kinapigwa vanishi, hakitaki vumbi."

"Seremala gani? Mie natazamia dirishani, sina vumbi."

"Yuko... kakihamishia shamba. Mjini vumbi jingi."

Bi Mashavu alimaliza sharubati. Muuza pweza miaka thelathini anajua uzito wa kitu kwa kukitazama. Alinyoosha mkono akaligusa shimizi lililokuwa karibu naye, akalifinya.

"Kwa kukausha nguo lakini," alisema, "mashine yenu nzuri."

Bi Mashavu alishuka ngazi. Zuleikha aliokota glasi. Shingo yake ilikuwa imewiva kama aliyepigwa na jua.

*

Ithiriamu ilisimama kuchimbwa Alhamisi, tarehe kumi na tano mwezi wa tisa, saa nne kasoro za asubuhi. Haikusimama Kiponda peke yake, ilisimama dunia nzima kwa wakati mmoja, kama Fayaz alivyosema na kama wachimbaji wa Dubai walivyojua walipoziuza kadi zao. Bwana Kheir alidhani mtandao umekatika. Aliizima mashine akaiwasha. Alizisafisha feni kwa brashi ya poda ya Zuleikha. Alitazama video ya Mzungu mmoja aliyekuwa akizungumza kwa uso wa kufiwa, na ingawa Kiingereza chake kilikuwa cha ghalani, uso ule aliuelewa.

Saa nane ya mchana haijafika alikuwa Darajani, na maboksi manne.

"Nimekuja kukurudishia, Fayaz. Nimebadilisha mawazo."

Fayaz hakucheka. Alilifungua boksi moja, akapuliza. Ukatoka unga wa manjano, unanukia liwa na mawaridi. "Hii nini?"

"Singo."

"Nitakupa laki moja na ishirini kila moja. Kwa kuwa ni wewe."

"Nilinunua nne!"

"Ulinunua nne. Na mimi nilikwambia ungoje."

"Uliniambia kibiashara!"

"Na leo nnakwambia kibiashara, Bwana Kheir. Darajani yote hii zipo nyingi kuliko ndimu."

Bwana Kheir alizifunga kadi zake. Aligeuza mguu kuelekea mlangoni, polepole, akautua, akanyanyua wa pili, akautua nao. Alifika kizingitini. Akajifanya kurekebisha kandambili. Nyuma yake Fayaz alikuwa anamhudumia mtu mwingine, anauza waya wa kuchajia simu.

*

Kitanda hakikuwepo, na Bwana Kheir akapata ufumbuzi wake: atasema seremala kachelewa, vyombo vitapelekwa baada ya arusi. Baada ya arusi mambo husahauliwa. "Ubwa hatasema, ana adabu. Na Zuleikha unamjua. Mtoto yule hana neno."

Bi Mize hakubishana naye. Jioni moja alikuwa akimsugua mwanawe singo mgongoni, mlango umefungwa, mashine imekaa pembeni kimya, fremu yake ya mvule imetundikwa kanga.

"Siku ile mbona hukusema, mwanangu?"

Zuleikha alifikiri. "Hakuningoja, mama. Kauliza, na jawabu kakupa wewe. Mie nilikuwa ndio kwanza navuta pumzi."

Bi Mize aliendelea kusugua. Aliteremka mabegani, akapanda tena shingoni.

"Siku ya ndoa atakuuliza tena," alisema. "Hana budi."

*

Ndoa ilikuwa Ijumaa, baada ya Alasiri. Msikiti uko mkabala na nyumba, ukinyoosha mkono kutoka dirishani utakosa kidogo kuugusa. Wanaume walijaa ndani mpaka barazani, na Fayaz akiwamo, kwani alialikwa na hakuwa mtu wa kuacha mwaliko. Halwa ilikuwa tayari, kahawa ilikuwa tayari, na Vespa imeegeshwa ukutani inameta, imetiwa kikuba cha asumini juu ya usukani. Juu, kwa wanawake, palikuwa na ubani na vicheko.

Bwana Kheir, amevaa joho la kuazima, alipanda ngazi na mashahidi wawili: Muhammad, kaka yake Bi Mize, na jirani yao Nadir. Wanawake wakashusha sauti. Zuleikha alikuwa nyuma ya pazia, kafunikwa ukaya wa kijani.

"Mwanangu Zuleikha binti Kheir, nnakuomba idhini nikuozeshe kwa Ubwa, kwa mahari ya shilingi milioni mbili na nusu, taslimu."

Kimya. Kiasi cha dakika moja ya mtu mwenye haraka.

"Kanya—" alianza Bwana Kheir, mguu umeshageuka.

"Iko wapi, baba?"

Sauti ilikuwa ile ile ya chekechea. Ukumbi mzima ukasogea ili uisikie.

"Nini, mwanangu?"

"Mahari. Ubwa namtaka, nimemridhia tangu mwanzo, na mashahidi wanisikie. Umesema taslimu. Mie mkononi sina."

"Mambo hayo tutazungumza sisi kwa sisi, watu wanangojea..."

"Na mie nnangojea. Iingie kwenye simu yangu. Ikiingia, uniulize tena."

Muhammad alikuwa mtu mzima mwenye miguu mibovu, lakini ngazi zile alizishuka kama kijana. Alimnong'oneza sheikh. Sheikh alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Bibi arusi mwenyewe kasema?" Akaambiwa mwenyewe. "Basi kauliza haki yake. Tunangoja." Akaomba kahawa nyingine. Ubwa alikuwa ameinamisha uso, na waliokaa karibu naye wanasema hakuwa akilia, alikuwa akicheka.

Juu, Bwana Kheir alikuwa bado amesimama mbele ya pazia. "Zipo kadi nne," alisema, akiwageukia wanawake kana kwamba yuko mnadani. "Kadi nzuri. Zina taa."

"Zile za kukaushia nguo?" aliuliza Bi Mashavu kutoka mkekani.

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika mpaka msikitini, na wanaume waliokuwa hawajui kisa wakaanza kuulizana. Bwana Kheir akashuka. Alipita kwenye macho ya watu mmoja mmoja, joho likiburuzika, akafika barazani alipokaa Fayaz.

"Fayaz," alisema. "Uliwahi kunambia unaipenda Vespa."

"Nnaipenda."

"Tatu na nusu."

Fayaz aliitazama Vespa. Hakuinyanyua wala hakuinusa. "Mbili na nusu."

Siku nyingine Bwana Kheir angeapa. Angesema kwa bei hiyo bora aizamishe, angeondoka, angeitwa. Ndani ya msikiti sheikh alikohoa, akaweka chini kikombe cha tatu.

"Chukua," alisema Bwana Kheir.

Dirishani, Bi Mize alikuwa ameegemeza viwiko. "Palepale?" alisema, na hakumwambia mtu.

Fayaz alitoa simu. Namba ya Zuleikha aliisoma Bi Mize kutoka juu, tarakimu moja moja, mtaa mzima ukisikia. Kisha chini ya ukaya wa kijani simu ikalia. Zuleikha aliutazama ujumbe, akausoma wote, akaiweka simu chini ya paja lake.

Bwana Kheir alipanda ngazi mara ya pili, mashahidi nyuma yake, na Bi Mize akamnong'oneza kuwa siku ile ya nazi mtoto alikuwa ndio kwanza anavuta pumzi. Kikuba cha Vespa alikuwa amekishika mkononi bila ya kujua kwa nini kakichukua. Alisimama mbele ya pazia, akasema maneno yale yale tangu mwanzo, jina la binti, jina la mume, mahari, taslimu. Sauti yake mwishoni ilipanda kidogo, kama ya anayeuliza kweli.

Zuleikha alinyamaza.

Muhammad akatazama chini. Jikoni biriani lilisikika likitokota. Nadir, aliyekuwa na njaa, alimgusa Bwana Kheir begani. "Kanyamaza. Karidhia. Tushuke."

Bwana Kheir hakushuka. Aliinama, akakaribisha mdomo kwenye pazia.

"Mwanangu," alisema taratibu, "kunyamaza huku ni kuridhia, au ndio kwanza unavuta pumzi?"

Pazia halikutikisika. Alimgeukia mkewe, kama alivyomgeukia siku ile ya nazi, lakini mara hii macho yalikuwa yanaomba.

"Usinitazame mie," alisema Bi Mize. "Mngoje."

Bwana Kheir akakusanya joho lake la kuazima, akakaa kitako juu ya ngazi, akangoja.